Mfuko Huu ni Rafiki wa Nani?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha nne anabishana na wenzake: ni "kemia kijani" au "kemia ya kijani"? Na bidhaa "rafiki wa mazingira" ni Kiswahili sahihi? (Msomaji, Pongwe, Tanga)

JIBU: Kemia ya kijani, yaani ile ya kutengeneza vitu kwa kupunguza sumu na taka. Kijani ni jina, limetoka kwenye jani, nalo hutaka a-unganifu: shati la kijani, kanga ya kijani. Wazee walisema chanikiwiti, ila mtihani wa kemia ya chanikiwiti hakuna atakayeufanya, basi yaishe.

Hilo la pili ndilo linaloniwasha. Juzi sokoni Ngamiani muuza machungwa alinitilia machungwa ya Muheza katika mfuko ulioandikwa "rafiki wa mazingira". Nikamuuliza, ikiwa mingi ni mifuko rafiki au mifuko marafiki? Akanijibu: "Mzee, wataka machungwa au wataka ngeli?"

Rafiki ni neno la watu. Kwa Waarabu tulikolitoa, ni mwenzio wa safari. Sasa huyu wa Ngamiani unamgusa unadhani kitambaa, kumbe ni polipropilini, plastiki ile ile iliyobadili kanzu baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za hiyo kemia ya mwanao. Ya kwanza yasema ni heri kuzuia taka kuliko kuzisafisha. Ya kumi yataka kitu kikimaliza kazi kivunjike kiwe vitu visivyodhuru, kisibaki kikizagaa. Rafiki yetu anazagaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema. Huyu masika ikipiga utamkuta kwenye mtaro, ameuziba.

Ubaya wa neno lenyewe ni kwamba linamsamehe mtengenezaji. Aseme kitu kinafanya nini: mfuko unaooza, rangi isiyo na risasi, sabuni isiyoua samaki. Hapo naweza kumuuliza: unaoza kwa muda gani? Urafiki nitaupimaje?

Kwenye hotuba za wakubwa nimeshachoka kulisahihisha, walitumie tu. Kwenye mfuko, hapana.

Machungwa yangu niliyahamishia kwenye pakacha la kuti bichi, chanikiwiti kabisa, halijaandikwa kitu.