Muulize Mjomba: Flash wawili na ugomvi wa Chumbageni

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mdogo wangu ananunua katuni za mitumba. Katika kimoja Flash, yule shujaa wa mbio za ajabu, kavaa kofia ya chuma yenye mbawa, katika kingine kajifunika uso kwa kinyago chekundu. Nasema mchoraji kakosea, yeye anang'ang'ania kwamba ni watu wawili wa dunia mbili. Nani mkweli?
Mpwa wako, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Leo mdogo mtu kakushinda.

Mwenye kofia ni Jay Garrick, wa mwaka 1940. Wa kinyago ni Barry Allen, aliyeletwa 1956 baada ya mwenzake kupotea magazetini. DC, kampuni ya katuni ya Marekani, ikabaki na jina moja, watu wawili, na wasomaji wabishi kama wewe. Septemba 1961, katika toleo namba 123 la katuni ya Flash, mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino wakapata dawa. Barry anawachezea watoto kiinimacho cha kamba, anautetemesha mwili kwa kasi kubwa, mara yuko mji mwingine, mji wa Jay! Kumbe dunia zote mbili zimekaa mahali pamoja, ila kila moja inatetemeka kwa kasi yake, ndiyo maana hazionani. Ninachokipenda zaidi: Barry anamjua Jay kwa sababu utotoni alisoma vituko vyake katika katuni. Na aliyeviandika? Fox mwenyewe, ambaye eti ndotoni akili yake ilikuwa ikiinasa dunia ile. Mwandishi kajichomeka ndani ya uongo wake, na uongo ukakaa.

Baadaye dunia zikapewa namba. Sisi wa Ngamiani hilo halitusumbui. Ukinielekeza barabara ya 8 sikutafuti ya 14. Lakini zilizidi mno, hata mimi nikawa napotea. Mwaka 1985 DC wakaanza kisa cha matoleo 12, cha Marv Wolfman na George Pérez, kuzifyeka ibaki moja. Barry akafia humo. Nilihuzunika kwelikweli, kinyozi wangu shahidi.

Mwaka 2008 wakamrudisha. Hapo ndipo ninapogombana nao: kufa kumekuwa kama kwenda Pangani, jioni umerudi na samaki.

Mdogo wako akipata hilo toleo namba 123, lenye Flash wawili jaladani wakikimbia, ukuta katikati yao, asikiuze kwa bei ya maandazi, hata kikiwa chapa ya marudio. Anipitishie kwanza.