Maswali na Majibu: Lohmann, Bradman na Hesabu za Zama Tofauti

SWALI: Katika klabu yetu ya kriketi tunabishana kila Jumamosi. Wazee wanasema warushaji wa kale walikuwa hatari kuliko wa leo, na ushahidi wao ni huu: George Lohmann wa Uingereza alipata wiketi 112 (yaani aliwatoa wapigaji mara 112) katika Testi, mechi za kimataifa za siku kadhaa, kwa wastani wa mikimbio 10.75 kwa kila wiketi; kwa mrushaji, wastani mdogo ndio bora. Dale Steyn wa Afrika Kusini ana wiketi 439, lakini wastani wake ni 22.95. Je, hesabu hiyo inatosha kumaliza ubishi? – Msomaji, Section 58, Nakuru

Haitoshi. Tazama kwanza wiketi hizo zilitoka wapi. Lohmann alipata 35 kati yake katika mechi tatu tu nchini Afrika Kusini mwaka 1896, kwa wastani wa 5.80. Huko Port Elizabeth wenyeji walitolewa wote kwa mikimbio 30, naye akachukua wiketi 8 kwa mikimbio 7. Timu iliyokuwa bado inajifunza mchezo ndiyo iliyompa karibu theluthi ya wiketi zake.

Kisha kuna pichi, ukanda wa ardhi ambapo mpira hudundishwa. Enzi hizo haikufunikwa mechi ikishaanza. Mvua ikinyesha halafu jua likatoka, udongo wa juu hunata, na mpira ule ule uliokuja kwa urefu wa goti unapanda hadi kidevuni. Hata sheria zimebadilika. Hadi katikati ya miaka ya 1930, mpira uliodunda nje ya mstari wa vijiti upande wa bati, si wa miguu, haukuweza kumtoa mpigaji kwa kosa la mguu mbele ya wiketi (kuuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga vijiti), kwa hiyo wengi waliuzuia kwa pedi bila hofu. Leo hana kinga hiyo. Pichi zilimsaidia mrushaji, sheria ikamsaidia mpigaji, na wastani mtupu haukuambii kila kimoja kilichangia kiasi gani.

Njia tunayoiamini ni kumpima mchezaji kwa wale waliokanyaga pichi ile ile siku zile zile. Chukua mechi zote alizocheza mpigaji wako. Jumlisha mikimbio ya wapigaji wengine wa timu zote mbili, kuanzia nambari 1 hadi 7, ugawe kwa idadi ya mara walizotolewa. Mikimbio yake mwenyewe itoe kabisa. Halafu gawa wastani wake kwa huo wastani wa wenzake. Tuseme mmoja ana 42 na wenzake 25: uwiano wake ni 1.68. Mwingine ana 54 na wenzake 36, uwiano 1.50. Huyo wa 42 aliwazidi wenzake kwa mbali zaidi. Kwa mrushaji geuza hesabu: wastani wa warushaji wengine ndio ugawe kwa wake.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuingiza wapigaji wa mkiani, nambari 8 hadi 11. Wao hushusha wastani wa wenzake, na kila mpigaji wa juu ataonekana shujaa. La pili ni mechi chache. Andy Ganteaume wa West Indies alicheza zamu moja tu ya kupiga katika Testi, mwaka 1948, akafunga 112, na wastani wake ukabaki 112 hadi leo. Donald Bradman wa Australia ana 99.94, yaani mikimbio 6,996 ukigawa kwa 70, maana katika zamu 80 mara 10 hakutolewa. Hakuna anayemweka Ganteaume juu ya Bradman. Sisi hatumhesabu mtu mwenye zamu chini ya 30.

Mfano mzuri kuliko yote ni uwanja wa Old Trafford, Manchester, 1956. Jim Laker wa Uingereza alichukua wiketi 19 za Australia kwa mikimbio 90. Wengi husema ilikuwa kazi ya pichi. Lakini Tony Lock, mrushaji wa spini (mpira wa kuzungusha) kama yeye na wa timu hiyo hiyo, alirusha ova 69 (ova moja ni mipira sita) katika mechi hiyo na kupata wiketi moja kwa mikimbio 106. Pichi ilisaidia, ndiyo, ila Laker ndiye aliyejua kuitumia.

Idadi ya wiketi kwa mechi nayo isiwadanganye. Sydney Barnes wa Uingereza alipata 7 kwa mechi, Malcolm Marshall wa West Indies 4.6. Marshall aligawana wiketi na warushaji wenzake wa timu, Garner na Holding. Mrushaji aliye peke yake hurusha ova nyingi na kuvuna nyingi. Angalieni pia wapinzani: kati ya wiketi 800 za Muralitharan wa Sri Lanka, 176 ni za timu dhaifu za Bangladesh na Zimbabwe. Warne wa Australia alipata 17 tu kwao. Ukiziondoa, Muralitharan anabaki na 624, bado nyingi mno, lakini pengo la wastani kati yao linapungua sana.

Kwa maoni yetu, Bradman hana mshindani kwa kipimo chochote. Kwa warushaji wa kasi tunamchagua Marshall: wastani wa 20.94 katika mechi 81, katika zama ambazo pichi zilikuwa zikifunikwa na wapigaji wameanza kuvaa helmeti.

SWALI: Nina vitabu vya alama vya timu yetu vya miaka mingi. Zamani tulicheza juu ya mkeka, sasa ni nyasi. Nifanyeje? – Msomaji, Milimani, Kisumu

Tenganisha kabisa mechi za mkeka na za nyasi, na utafute wastani wa wenzake wa mchezaji unayempima kwa kila fungu. Mkeka uliovutwa ukakaza hudundisha mpira juu na kwa kasi. Ukilegea, mpira hushika na kugeuka zaidi. Kama kitabu kinaonyesha chini yake palikuwa saruji au murram, andika pia, kwa sababu saruji hupandisha mpira zaidi. Barnes mwenyewe alipata wiketi 49 katika Testi nne juu ya mikeka ya Afrika Kusini, 1913 na 1914. Na kagua alama ya "hakutolewa" kila ukurasa: ikisahaulika, wastani wa mpigaji hushuka bila haki.

SWALI: Wiketi 3 kwa mikimbio 15 za Maurice Odumbe dhidi ya West Indies mwaka 1996 tuziweke wapi? – Msomaji, Kakamega

Katika orodha ya mechi za siku moja. Kenya haijawahi kucheza Testi. Ila kipimo ni kile kile: Kenya ilifunga 166, West Indies wakatolewa kwa 93, na Rajab Ali alipata 3 kwa 17 siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Odumbe hakuwazidi wenzake kwa mbali. Timu nzima ilirusha vizuri.