Ukitaka Watu Watazame Roboti Ikitua, Anza na Zilizoanguka

Kila chombo kinapokaribia kutua Mirihi au mwezini, simu yangu hupokea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unaomba kiungo cha kutazama mubashara. Wa pili hutoka kwa shemeji yangu, na haubadiliki sana: "Maji yameshatoka huko kwenu, au bado mko bize na Mars?"

Wote nawajibu. Tangu Curiosity, roboti ya NASA, shirika la anga la Marekani, itue Mirihi mwaka 2012 nimekuwa nikiwavuta watu watazame nami: ndugu, majirani, wenzangu wa kazini. Wapo waliokuja wakasinzia. Wapo waliofuata chai wakajikuta wamesimama, mkono mdomoni. Kilichowatofautisha hakikuwa elimu wala umri, na kama nawe unataka kuwakusanya watu wako siku kama hiyo, yapo ya kufanya na yapo ya kuacha.

Kwanza mpe asiyejali haki yake. Anayesema haoni cha kutazama anasema kweli. Chombo kinachoshuka Mirihi hakiturushii video ya kutua kwake papo hapo. Unachoonyeshwa ni chumba cha wahandisi kwenye maabara ya NASA pale Pasadena, California, wamevaa fulana za rangi moja, macho kwenye kompyuta, na katikati inaingizwa katuni inayoonyesha chombo kinachotakiwa kufanya muda huo. Mtu akiamini katuni ile ni picha halisi, halafu agundue siyo, umempoteza. Mwambie mapema. Video halisi ya Perseverance, roboti nyingine ya NASA, ile ya parachuti kufunguka na vumbi kutimka chini ya injini, ilitolewa Februari 22, 2021, siku nne baada ya kutua. Usiku wenyewe tulipata picha chache tu za nyeusi na nyeupe, kioo cha kamera kimepakaa vumbi. Mimi zilinitosha. Kwa mgeni ni picha mbovu ya mawe.

Halafu ndani hamna mtu. Wazee wetu waliokaa na redio mwaka 1969 walikuwa na hofu ya kueleweka, kwamba wale vijana wawili wa Apollo 11 wanaweza wasirudi. Roboti ikipasuka hakuna msiba. Kwa hiyo usimwambie mtu "njoo uone historia" ukategemea ashtuke. Historia ameahidiwa mara nyingi. Mabilioni ya dola nayo yanamkumbusha tu kivuko kibovu cha kwao.

Anza na zilizoanguka.

Somo hili sikulipata kwenye sebule yangu. Nililipata Kisutu, Dar es Salaam, kwenye duka la vifaa vya umeme, Jumatano ya Agosti 23, 2023. Siku hiyo India ilikuwa inateremsha Chandrayaan-3 karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na saa 9 alasiri mwenye duka, mzee wa Kihindi, alikuwa ameigeuza skrini ya kompyuta ya mauzo itazame kaunta. Wateja tulikuwa wachache. Akaingia fundi umeme, kofia ngumu kichwani, anahema.

"Bosi, nipe holda tatu na swichi mbili, niko saiti."

"Subiri dakika kumi."

"Dakika kumi za nini, mzee wangu? Watu wananisubiri."

Mzee hakujibu. Nikamweleza mimi, na kwa bahati nikaanza na 2019. Nikamwambia mwaka ule walijaribu, wakashuka vizuri, wakafika kilomita mbili na kidogo juu ya ardhi, na hapo mawasiliano yakakatika. Ikaanguka, waziri mkuu wao akiwa ndani ya chumba anaangalia. Hawa unaowaona ndio wamerudi.

Fundi akaweka begi lake chini. "Kilomita mbili? Yaani walishafika."

Kuanzia hapo hakuondoka. Matangazo ya India, kwa kweli, yamepangwa vizuri kuliko ya Wamarekani: badala ya mahojiano yasiyoisha wanakuwekea mchoro wa njia ya chombo na namba tatu, yaani kimo, mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kushuka chini. Ukishajua kwamba kazi yote ni kuzifikisha namba hizo karibu na sifuri kwa wakati mmoja, hata lugha huihitaji. Kilianza kimo cha kilomita 30 kikienda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Injini zikakibana kwa dakika zaidi ya kumi na moja. Fundi akawa anasoma namba kwa sauti, bila kuombwa. Kilipofika mita 150 kikasimama hewani.

"Mbona imesimama? Imekwama?"

Haikukwama. Ilikuwa inachungulia chini kwa kamera zake itafute sehemu isiyo na mawe wala shimo, na uamuzi ilikuwa inaufanya yenyewe, hakuna mtu kule Bengaluru, India, kwenye chumba cha kuiongoza, aliyeshika usukani. Nilipomwambia hivyo akacheka: "Kumbe kama mimi nikivuka bonde la Jangwani mvua ikinyesha." Kisha namba zikaanza tena kushuka, na saa 9:34 watu wa kwenye skrini wakaruka, mzee akafuta miwani, na fundi akapewa holda zake kwa bei ya chini kidogo. Waziri mkuu Modi, aliyekuwa Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, akaletwa kwenye skrini na bendera mkononi, akaanza hotuba. Mimi ningependa waendelee kutuonyesha namba, lakini duka halikuwa langu.

Chaneli ya shirika lao la anga ilikuwa na watazamaji zaidi ya milioni nane kwa wakati mmoja. Watu husema ni uzalendo, na upo. Ila mimi naamini anguko la 2019 lilifanya kazi kubwa zaidi. Wahindi wengi waliliona likitokea, wakamwona mkuu wa shirika, K. Sivan, akilia kwenye bega la waziri mkuu asubuhi yake. Miaka minne walijua kilichobadilishwa: miguu imeimarishwa, mafuta yameongezwa, eneo la kutua limetanuliwa kutoka nusu kilomita kila upande hadi kilomita 4 kwa 2.4. Juu ya hayo, siku nne kabla, Luna-25 ya Urusi ilikuwa imejipigiza kwenye mwezi huohuo. Nani angezima simu?

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe tafuta habari ya waliotangulia kushindwa, uisimulie kwa dakika mbili, si zaidi. Kwangu iliyowavuta watoto ni ya karanga. Maabara ile ya Pasadena ilipeleka vyombo vya Ranger mwezini, na sita vya mwanzo vyote vikaharibika. Cha saba, Julai 1964, mhandisi mmoja alizungusha karanga chumbani ili kupunguza presha, na kikafanikiwa. Tangu hapo kopo la karanga haliachwi siku ya kutua. Nunua karanga, zile za kukaanga za kwenye karatasi, ugawe muda uleule wanapogawa wao. Watoto wataanza kutazama kwenye skrini nani ameshika kopo, na wakati huo tayari wanatazama.

Saa ndiyo inayokosesha wengi. Matangazo huja kwa saa za California au kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Ukipewa UTC ongeza saa tatu, ndiyo saa ya Nairobi na Dar, halafu uigeuze kuwa saa ya Kiswahili. Angalia na tarehe. Curiosity ilitangazwa kuwa inatua Agosti 5, 2012 usiku, lakini ishara yake ilifika kwetu Jumatatu Agosti 6, saa 2:32 asubuhi. New York mamia ya watu walikesha Times Square kuitazama kwenye skrini kubwa. Ofisini kwetu hakuna aliyekuwa na habari, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo, London, Ezekiel Kemboi alikuwa amechukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na kucheza ngoma yake uwanjani, na muda mfupi baadaye Usain Bolt akamaliza mita 100. Ungeanzia wapi kumwambia mtu kuhusu gari la kilo 899 linaloteremshwa kwa kamba? Siku kama hiyo kaa na intaneti yako ya kusuasua, ufurahi peke yako.

Na kuna siku kualika watu si adabu. Perseverance ilitua Alhamisi Februari 18, 2021, saa 5:55 usiku kwetu. Mchana wa siku hiyo Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa amezikwa Pemba. Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi Kijazi, naye alikuwa amefariki jana yake. Niliweka visikilizi masikioni nikatazama gizani, na asubuhi sikulisema kwa mtu hadi nilipoulizwa.

Jambo moja zaidi lieleze kabla halijaanza, maana ndilo linalowakaza watu kuliko mengine: kuchelewa kwa mawimbi. Usiku ule wa Perseverance ishara ya redio ilihitaji dakika kama 11 kutoka Mirihi hadi kwetu, wakati kazi yote ya kuingia kwenye hewa na kutua ilichukua kama saba. Maana yake, sauti ya mhandisi Swati Mohan inapotangaza kwamba chombo kimeanza kuingia kwenye hewa ya Mirihi, kule kimeshamaliza. Kimeshasimama salama, au kimeshakuwa vyuma chakavu. Hakuna wa kukiokoa. Nimewaona watu wasiojali kabisa wakinyamaza kwa habari hii moja. Mwezini haifai, kule kuchelewa ni sekunde moja na kidogo.

Mama mkubwa wangu alikuwa kwetu Novemba 26, 2018, chombo cha NASA cha InSight kilipotua Mirihi saa nne na kitu usiku. Aliketi tu kwa sababu runinga ilikuwa moja na mimi ndiye niliyeikalia. Wahandisi walipoanza kukumbatiana na kufuta machozi akauliza, "Hawa wamefiwa?" Nikamwambia ni furaha, wamefanya kazi hii miaka. Akafikiri. "Na kingeanguka, wangefukuzwa kazi?" Sikuwa na jibu zuri. Ila tangu swali lile nimeacha kuwaonyesha wageni chombo, nawaonyesha wale watu. Namchagua mmoja pale chumbani, namwambia mgeni: mtazame huyu, mguu wake hautulii. Asiyejali sayari hujali uso wa mtu anayesubiri matokeo.

Ikiharibika, usizime. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi hutoka na ndipo mambo huwa matamu. Januari 19, 2024, SLIM ya Japani ilitua mwezini jioni kwa saa zetu, saa 12:20. Namba zilisema ipo chini. Watangazaji wakabaki hawajui waseme nini, kwa sababu paneli za jua zilikuwa hazizalishi umeme. Siku kadhaa baadaye ikatolewa picha iliyopigwa na kiroboti kidogo cha mviringo kilichoachiwa dakika ya mwisho: SLIM yenyewe imesimama kichwa chini, pua kwenye vumbi, na mita kama 55 tu kutoka pale ilipokusudia. Walioondoka mapema wanaikumbuka kama iliyofeli. Waliobaki wana kisa cha kusimulia mwaka mzima.

Kuhusu bando: shusha ubora wa video hadi 144p, hupotezi kitu, tumeshakubaliana kwamba picha si hoja. Umeme ukikatika sikiliza sauti tu. Usiingie mapema sana pia. Matangazo ya NASA huanza saa nzima na zaidi kabla, yamejaa wakuu wa idara wakipeana shukrani. Wageni wako waite dakika ishirini kabla, chai iwe imeshaiva.

Na usiwaite wengi. Watu watatu wanatosha, mmoja wao awe mbishi. Shemeji yangu ndiye mbishi wangu. Hoja yake ya maji sijawahi kuishinda na sijaribu tena. Namwambia ana haki, namwachia kiti karibu na karanga.

Kazi itakuwa Titan, mwezi wa Zohali. Huygens ya Ulaya ilipotua huko Januari 14, 2005, ilining'inia kwenye parachuti karibu saa mbili na nusu, maana hewa ya kule ni nzito, na mawimbi yake yakachukua zaidi ya saa nzima kutufikia. Dragonfly ya NASA inakusudiwa kufika kwenye hewa hiyohiyo mwaka 2034. Hapo chai na karanga hazitafua dafu, nimeshamwambia shemeji itabidi tupike pilau. Amesema atakuja.