Jibu: Maoni yanapingana, riwaya ya upelelezi niinunue au niiache?

Salaam ndugu yangu wa Lindi. Umesema wasomaji wa riwaya hiyo ya askari mpelelezi wamegawanyika, wengine wanaisifu, wengine wanadai inachosha, nawe hutaki kuagiza kitabu Dar halafu kikuvunje moyo. Hiyo yenyewe sijaisoma, ila maoni ya aina hiyo nayafahamu, maana huku Mtwara vitabu tunaazimana na ubishi hauishi.

Kwanza angalia anayelalamika amezoea mpelelezi gani. Aliyekulia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, wa Kufa na Kupona (1974), anataka bastola na mbio. Mpe Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mtu wa kiko na kuwaza, atasinzia mapema tu. Kitabu hakina kosa hapo. Kwa hiyo "inachosha" peke yake usiihesabu.

Lalamiko ninaloliogopa ni la muuaji kuibukia mwishoni. Mwandishi akituletea mhalifu ambaye hatujawahi kukutana naye, katudhulumu, hata lugha iwe tamu vipi. Wakilitaja watu wawili watatu, kiache. Wakisema walirudi nyuma kutafuta dalili walizozipita, agiza leo hii hii.

Ukipata nakala iliyotumika, mwambie muuzaji akutumie picha ya kurasa za mwisho kabla hujalipa. Gundi ikiachia, hizo ndizo hutangulia kupotea, na kwa riwaya ya upelelezi hiyo ni hasara tupu.