Sikio la mtoto wa Forodhani

SWALI: Assalaam alaykum, dada muuguzi. Mwanangu wa miaka 9 kila jioni yuko Forodhani, anaruka majini na wenzake. Sikio limeshamuuma mara ya pili, na jirani ananambia nimtilie mafuta ya nazi ya moto. Nimkataze kuogelea? – Mama, Malindi, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Usimkataze. Mafuta ya moto nayo usimtie hata tone: yatamuunguza, na kama ngoma ya sikio imetoboka yataingia ndani kabisa.

Kinachomletea shida ni maji yanayobaki kwenye tundu la sikio. Ngozi hulainika, na ikichubuka kidogo tu vijidudu hupata pa kuingilia. Ndiyo maana nakuomba sana uzitupe njiti za pamba za kusafishia masikio, na unyoya wa kuku pia. Nta ya sikio ni kinga yake, iache.

Akitoka majini, muinamishe kichwa upande, umvute sikio taratibu huku na huku mpaka maji yatiririke, kisha umfute kwa ncha ya kanga kavu, nje tu. Halafu upande wa pili. Mfundishe afanye mwenyewe, maana hutakuwepo kila jioni.

Sasa hivi mbonyeze kile kinyama kidogo mbele ya tundu. Akishtuka kwa maumivu, mpeleke kituo cha afya, na asirudi baharini mpaka apone, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Ukiona usaha, homa, au hasikii vizuri, usingoje kesho.