Mwanangu, mwasho huchelewa kuondoka

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako niliisoma jana usiku, nikaisoma tena leo asubuhi kabla hata sijatandika kitanda. Umeniambia umejipaka dawa ya upele mara nne ndani ya wiki mbili, umefua kila nguo, umepulizia godoro dawa ya wadudu, na bado usiku ukiingia unajikuna mpaka damu inatoka. Kisha ukaniuliza: "Mama, hawa wadudu bado wamo mwilini mwangu, au ni akili yangu ndiyo inayoniwasha?"

Akili yako ni nzima, na ngozi yako inawasha kweli. Lakini kuwashwa peke yake hakuonyeshi kama mdudu yu hai, na hapo ndipo unapojiumiza. Nakuomba usijipake tena dawa ya kuua wadudu, si leo wala kesho, mpaka mtu anayeijua ngozi akuangalie.

Nakuomba hivyo kwa sababu yalinipata. Ulikuwa hujazaliwa bado, na sikuwahi kukusimulia kwa kuwa niliona haya. Niliambukizwa upele, nikapewa benzili benzoati, ile dawa nyeupe kama maziwa yenye harufu kali. Niliipaka juu ya ngozi niliyokwisha kuichubua kwa kucha, ikachoma kama pilipili kwenye kidonda. Niliambiwa nipake kwa siku chache tu. Wiki ya pili ikaingia bado nawashwa, nikajiambia dawa haijawafikia wote, nikatafuta chupa nyingine. Nikapaka kila usiku kwa wiki tatu. Ngozi ya mapajani ikawa nyekundu, ikakauka, ikapasuka. Asubuhi nilikuwa nabandua shuka polepole kwa sababu ilikuwa imegandana na nyufa. Nilipokwenda kwa daktari, alikwangua ngozi sehemu kadhaa, akatazama kwa hadubini, hakuona mdudu wala yai. Akaniambia nilichobaki nacho ni ukurutu ulioletwa na dawa yenyewe. Nililia pale pale. Wiki tatu nzima nilikuwa napigana na wadudu waliokwisha kufa.

Sikiliza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mdudu mwenyewe anaitwa utitiri wa upele. Ni jamaa ya kupe na buibui, ana miguu minane, na jike, aliye mkubwa kuliko dume, hafiki hata nusu milimita. Huchimba kijia ndani ya tabaka la juu la ngozi, akawa anataga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na watoto hukua wakawa wakubwa kwa muda wa kama wiki mbili. Ajabu ni kwamba mtu mwenye upele wa kawaida, anayejikuna kichwa hadi mguu kama anaungua, kwa kawaida ana utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima. Moto wote ule unautengeneza mwili wako mwenyewe. Ni mzio: kinga ya mwili inapambana na mdudu, mate yake, mayai yake na uchafu anaouacha kwenye kijia. Dawa ikimuua, mzoga wake na maganda ya mayai hubaki humo humo ndani ya ngozi mpaka tabaka lile lipukutike lenyewe. Kwa hiyo mwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya dawa kufanya kazi yake, na wengine hubaki na vinundu vinavyowasha kwa muda mrefu zaidi, hasa kwapani na sehemu za siri. Kila unapopaka tena dawa juu ya ngozi iliyochubuka, unaongeza sababu nyingine ya kuwashwa. Ikiwasha zaidi, unapaka zaidi. Hilo duara ndilo nililokuwa nazunguka mimi.

Sasa nije kwenye sentensi moja uliyoiandika katikati ya barua kana kwamba ni jambo dogo: "Mke wangu hawashwi, kwa hiyo hakupaka." Nilipofika hapo niliiweka barua chini. Mwanangu, mtu anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuhisi chochote, kwa sababu mwili bado haujajifunza kumchukia huyo mdudu. Muda wote huo anaweza kuambukiza wengine. Aliyewahi kuugua zamani huanza kuwashwa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo ikiwa kweli ni upele, mkeo anaweza kuwa nao na kila usiku anakurudishia, na mtoto vilevile. Nyote watatu mnatibiwa siku moja, hata kama anayejikuna ni wewe peke yako. Hili ni kosa linalorudisha upele nyumbani mara nyingi, na halifanywi kwa uzembe. Mtu mzima asiyewashwa anawezaje kujiona mgonjwa?

Lakini nimeandika "ikiwa kweli ni upele" kwa makusudi, maana hukuniambia kama kuna mtu aliyekuchunguza. Naona ulijitazama, ukashuku, ukanunua dawa. Mwaka 1687 daktari mmoja wa Italia, Giovanni Cosimo Bonomo, aliandika barua kueleza alivyowatazama wadudu hawa kwa hadubini, hata akamwona mmoja akitoa yai. Zaidi ya miaka 300 imepita tangu hapo, hakuna sababu ya wewe kuendelea kukisia. Nenda uangaliwe. Mwambie daktari kila ulichopaka, mara ngapi, na tarehe. Usifiche hata kimoja.

Kabla hujaenda, jitazame mchana kwenye mwanga mzuri. Tazama katikati ya vidole, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, viwiko, kwapani, kuzunguka kitovu, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Unachotafuta si vipele tu, maana vipele vina sababu nyingi. Tafuta mstari mfupi uliopinda, wa rangi ya kijivu au mweupe, wa milimita chache, kama uzi mdogo uliofukiwa chini ya ngozi. Kuna ujanja ambao waganga wa ngozi huutumia: unapaka wino wa kalamu juu ya sehemu unayoishuku, kisha unaufuta kwa spiriti. Kama kuna kijia, wino hubaki umezama humo ukachora mstari. Mimi nilionyeshwa kwenye kifundo cha mkono wangu, na nauona mpaka leo ule mstari wa bluu, mdogo kama unyusi.

Usipoona kitu cha namna hiyo, basi huenda tunamsingizia utitiri. Kuna utitiri wa ndege, wanaotoka kwenye viota vilivyo karibu na dirisha au darini na kuja kuuma usiku. Hao hawaishi wala kuzaliana kwenye mwili wa mtu, na dawa yao ni kuondoa kiota, si kujipaka. Utitiri wa vumbi la nyumbani hawaumi kabisa. Wao huleta mafua na pumu kwa wenye mzio nao, na huchochea ukurutu. Kuna kunguni na viroboto. Na kuna kuwashwa mwili mzima kusikohusiana na mdudu yeyote, ambako chanzo chake ni ini, figo au tezi ya shingoni. Daktari ndiye wa kuvitenganisha.

Akithibitisha kwamba ni upele, fanyeni matibabu kwa utaratibu, na dozi ya kila mtu aipange yeye. Krimu ya permetrini ya asilimia 5 hupakwa kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, ikaachwa saa 8 hadi 14, ndipo mtu aoge. Hurudiwa baada ya siku saba ili kuwapata walioanguliwa baadaye. Watu wengi huipaka pale panapowasha tu, na hapo ndipo inaposhindwa. Paka chini ya kucha, katikati ya vidole vya miguu, kitovuni, katikati ya matako. Ukinawa mikono usiku, ipake tena mikononi. Mtoto wenu hupakwa mpaka kichwani na usoni, ila mbali na macho na mdomo, na kwa umri wake muulizeni daktari kwanza. Kuna na vidonge vya ivermektini, vinavyohesabiwa kwa uzito wa mtu, ambavyo kwa kawaida hapewi mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15. Usivimeze kwa kukisia.

Na nyumba yako iache ipumue! Umesema unataka kuchoma godoro. Usilichome. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza aitwaye Kenneth Mellanby aliwaweka watu waliojitolea mjini Sheffield, wakalala ndani ya mablanketi na kuvaa nguo za ndani zilizotumiwa na wagonjwa wa upele. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache sana. Upele hupita hasa kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kama watu wanaolala kitanda kimoja au mama na mtoto wake. Utitiri akitoka mwilini kwa kawaida haishi zaidi ya siku mbili tatu. Kwa hiyo siku ya kujipaka, fueni kwa maji ya moto shuka, taulo na nguo za siku tatu zilizopita, mkaushe kwenye joto. Kisichofulika kifungeni kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Inatosha. Ile dawa ya kupulizia uiweke mbali na kitanda. Haihitajiki kwa upele, na mtoto analala na kuvuta pumzi mahali ulipopulizia.

Kwa sasa itulize ngozi. Oga maji ya uvuguvugu, si ya moto, ingawa najua ya moto yanaburudisha kwa dakika tano. Kabla ngozi haijakauka, paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Kata kucha ziwe fupi kabisa. Mwasho ukikuamsha usiku, weka kitambaa kilichochovywa maji baridi na ukibane hapo, usikune. Muulize daktari kuhusu dawa ya mzio inayoleta usingizi, maana naona usingizi ndio unaokumaliza. Ila usijipake krimu za steroidi kwa kujinunulia kabla hujachunguzwa. Zinapunguza mwasho na kufuta dalili, huku utitiri wakiendelea kuzaana, na mwisho hata daktari hatambui anachokiona.

Wahi hospitali bila kungoja ukiona usaha, ngozi yenye joto na wekundu unaosambaa, homa, uso kuvimba, au mkojo kugeuka rangi nyekundu au ya kahawia. Bakteria huingia kupitia mikwaruzo, na wengine madhara yao hufika kwenye figo. Chunguza hayo hasa kwa mtoto.

Na kama ni upele mmetibiwa vizuri nyote, hesabu wiki nne tangu siku ya kupaka mara ya pili. Andika kila asubuhi kama usiku ulikuwa afadhali au ulikuwa mbaya zaidi. Mwasho unaopungua polepole, hata kama kuna usiku unarudi kwa nguvu, huo ni mzio unaokwisha. Ukizidi siku hadi siku, au ukiona vijia vipya na vipele vipya mahali palipokuwa safi, rudi ukaangaliwe upya.

Limebaki lile uliloliandika mwisho kwa herufi ndogo, kwamba umeacha kumbeba mtoto, na kwamba nisije kuwatembelea kwa sababu nyumba yenu ni chafu. Si chafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 wana upele, na tangu 2017 limeuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Utitiri hachagui anayeoga na asiyeoga. Nimekuogesha tangu ukiwa unaenea kwenye mikono yangu miwili, ngozi yako haiwezi kunitia kinyaa.

Ukishachunguzwa, niandikie alichosema daktari. Kama ni upele, niambie siku mtakayopaka mara ya kwanza. Siku moja baada ya hapo unaweza kumbeba mtoto bila hofu, na mimi nitakuwa njiani kuja kwenu. Nitalala hapo, nimshike mtoto usiku ili wewe na mkeo mpate usingizi.

Mama yako