Maswali yenu kuhusu kutoa mimba

Sayansi imeshathibitisha kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Sasa mnabishania nini?

Kwamba kiinitete kina uhai, na ni cha binadamu, hakuna mwanabiolojia anayebisha. Kinachobishaniwa ni kama kina haki sawa na zako wewe uliyeniandikia, na haki hazionekani kwa darubini. Mwaka 1971 mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson alikubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kijusi ni mtu kamili. Kisha akauliza: je, mtu anaweza kulazimishwa kumhifadhi mwingine mwilini mwake? Don Marquis naye, mwaka 1989, alipinga utoaji mimba bila kutegemea hoja ya utu. Kwake, ubaya wa kuua ni kumnyima aliyeuawa maisha ambayo angeishi. Someni hao wawili kabla ya kuniletea tena picha za kutisha. Nasema na pande zote mbili.

Ni kweli Marekani imepiga marufuku?

Hapana, na naomba liwe jibu la mwisho. Juni 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu yake ya mwaka 1973, Roe dhidi ya Wade, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na kuyaachia majimbo yaamue. Mengine yamekataza, mengine yameruhusu.

Kitu kikiwa dhambi, kwa nini sheria isikikataze?

Uongo ni dhambi, na waongo wamejaa mitaani wakiwa huru. Lakini msishangilie mapema, mnaotaka sheria zifutwe: anayeamini kijusi ni mtu hawezi kukubali kwamba kukitoa ni sawa na kusema uongo. Ana haki ya kusema hivyo. Ila atueleze pia sheria yake italeta nini. Romania ilikataza mwaka 1966, isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka uliofuata idadi ya watoto waliozaliwa ilikaribia kuongezeka maradufu, halafu ikaanza kushuka, kwa kuwa wanawake walitoa mimba kwa siri. Vifo vya wajawazito vikapanda hadi kuwa juu kabisa Ulaya. Nicolae Ceaușescu, mtawala wa kiimla wa nchi hiyo, alipoangushwa Desemba 1989, amri hiyo ilifutwa mara moja. Hayo hayafanyi kutoa mimba kuwa jambo jema. Ila anayedai marufuku kwa jina la uhai ayahesabu na makaburi hayo.

Sheria ikiruhusu pale tu maisha ya mama yakiwa hatarini, haitoshi?

Hatari kiasi gani, na nani anaipima? Mwaka 2012 nchini Ireland, mimba ya Savita Halappanavar ilianza kuharibika ikiwa na wiki 17. Aliomba itolewe, akakataliwa kwa sababu moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga. Akafa kwa maambukizi yaliyosambaa kwenye damu. Ruhusa ya kuokoa maisha ilikuwepo. Waliosubiri walikuwa wanaisubiri hatari ikomae. Mei 2018 asilimia 66 ya wapiga kura waliking'oa kwenye katiba kifungu kilichokipa kijusi haki ya kuishi sawa na ya mama.

Mume anaweza kumzuia mkewe kisheria?

Mmoja alijaribu Uingereza mwaka 1978, akashindwa. 1980 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikamkatalia. Barua yako ina kurasa mbili za sheria na hakuna mstari unaosema mkeo anataka nini.

Rafiki yangu alimeza dawa alizouziwa kwa siri. Ana homa na damu haikomi. Je, ametenda dhambi?

Mpeleke hospitali sasa hivi, na daktari aambiwe ukweli: amemeza nini, na lini.